Ufito wa Mkono Mmoja

Nyanga, Bukoba
11 Machi 1973

Ildefons mwana waitu,

Naomba karatasi hii ikukute mzima, wewe na Kemilembe na Protase mdogo, ambaye nadhani sasa anakimbia. Sisi tupo. Mvua zimeanza vizuri, kahawa imechanua mpaka nyumba nzima inanukia, na ile migomba ya upande wa barabara uliyosema itakufa haijafa. Shangazi Ephrasia amehamia kwetu tangu Krismasi. Anakusalimu, na analalamika. Cherehani yangu nimeitoa chumbani nikaiweka barazani ili nishone huku namwona Baba.

Hapo ndipo penye habari yenyewe. Telegramu niliyotuma Januari najua ilifika. Sikukuuliza kwa nini hukuja, na leo siulizi. Baba amepona kile kiharusi kwa kadiri alivyopona. Mguu unatembea kwa fimbo. Ulimi umerudi, tena wote. Mkono wa kushoto haukurudi. Asubuhi anauingiza kwenye shati kama anavyoingiza kitu cha mtu mwingine.

Kinachomuua si mkono, ni kukaa. Tangu aache kuongoza boti ya misheni, siku zake zilikuwa ni ziwa na ule ufito wa kuvulia alioachiwa na Padre. Unalikumbuka gurudumu lake la mshipi: linaning'inia chini ya ufito, mpini wake uko kushoto. Mkono wa kulia unashika, wa kushoto unafungua waya unaozuia mshipi na kuzungusha. Hawezi tena. Mustapha, rafiki yake wa mtaa wa Bakoba, akamletea gurudumu la aina nyingine aliloachiwa na mwenye duka mmoja aliyekuwa akihama. Hili limelala kama bobini kubwa ya cherehani. Linakaa juu ya ufito, mpini uko kulia, na mshipi unaachiwa kwa kidole gumba cha mkono uleule ulioshika. Baba alipoliona alicheka. Hakuwa amecheka tangu augue.

Lakini haviingiliani. Tulilifunga kwa mpira wa baiskeli. Mshipi ukasugua ufito, ukakwama kwenye pete unazopitia, na gurudumu likachomoka likaingia majini. Mustapha alizama mpaka kifuani kulitafuta. Baba aliketi juu ya jiwe akitazama upande mwingine.

Ufito huu unahitaji kugeuzwa na mtu anayeujua. Wewe ndiye uliyekuwa unautengeneza zamani. Baba hajui kwamba nimekuandikia, na nisingependa ajue kabla hujajibu.

Mbusu Protase. Nimeanza kumshonea shati.

Dada yako,
Jovita


Kijiji cha Ujamaa, Buganguzi
22 Aprili 1973

Dada Jovita,

Salamu zako zimefika, zilikawia Muleba. Nimefurahi kusikia kwamba Shangazi analalamika. Akinyamaza ndipo tutakapoogopa. Huku mvua ni nyingi kuliko tulivyoomba. Maharage ya shamba la kijiji yameoza upande wa chini. Ndugu Mwenyekiti ameahidi trekta. Kemilembe anaendelea, anawasalimu.

Kuhusu Baba, nampa pole. Telegramu ilifika.

Kuhusu ufito, mjini mafundi wapo. Mimi hapa natengeneza baiskeli za wanakijiji baada ya kazi za shamba, sina meza wala jiliwa, na sidhani mwenyewe angetaka mkono wangu uguse kitu chake. Ulikuwepo siku ile. Uliyasikia maneno aliyonitolea mlangoni nilipobeba godoro langu kuja huku rweya, kwenye nyasi tupu, kulima na wenzangu. Hukusema kitu. Sikulaumu. Nasema tu kwamba nayakumbuka neno kwa neno.

Mpe pole yangu, au usimpe.

Ildefons

Mguu wa hilo gurudumu, ule unaolala juu ya ufito, una urefu gani? Na bado ni ule ufito wa nyuzi za kioo, au alipata mwingine?


Nyanga, Bukoba
6 Mei 1973

Ildefons mwana waitu,

Sikupimii mguu wa gurudumu. Nakutumia mguu wenyewe. Asha, yule mama anayepeleka vitenge mnadani Muleba, atakuachia furushi. Ndani mna ufito, vipande vyote viwili, ni uleule. Gurudumu liko kwenye soksi. Nimeweka uzi wa hariri wa kutosha, na kopo la vanishi ambalo Mustapha aliliomba kwa seremala. Chini kabisa kuna shati la Protase. Nimeliacha kubwa kidogo, watoto hawangoji.

Tunaendelea vizuri. Paa la jikoni linavuja. Baba nimemwambia ufito umekwenda kwa fundi wa Muleba. Akauliza, "Fundi gani?" Nikasema sijui jina lake. "Unampaje mtu ufito wangu na humjui jina?" Kisha akawa anatazama barabara kila basi likipita.

Siku ile mlangoni nilinyamaza kwa sababu nilidhani mtapatana kabla ya kahawa kuvunwa. Wewe ulitaka nikuunge mkono, yeye alitaka nikuzuie. Alikuwa na mwana mmoja wa kiume na kibanja kimoja alichoachiwa na baba yake, akamwona mwana huyo anakwenda kulima nyasi pamoja na watu asiowajua. Nawe ulikuwa umechoka kuishi kwenye migomba ya mtu aliyekuambia kila siku jembe hulijui. Nyote wawili nilikuwa nawaelewa, ndiyo maana sikuwa na neno.

Lakini barua yako haina mtoto. Umeniandikia maharage na trekta. Anasema maneno gani sasa? Ana meno yote? Nijibu hilo hata kama hujibu mengine.

Jovita


Kijiji cha Ujamaa, Buganguzi
17 Juni 1973

Dada Jovita,

Wazima hapa tunawasalimu. Jua limeanza, mahindi ya kijiji yako kifuani. Furushi lilifika salama. Shati tumelipokea, asante. Kemilembe amelikunja na kuliweka kwenye sanduku lake.

Ufito nimeumaliza. Nakueleza nilivyofanya ili Mustapha aweze kurekebisha kitu kikilegea.

Niliondoa pete zote za zamani. Uzi niliukata kwa wembe juu ya mguu wa pete, si juu ya ufito wenyewe, maana ufito wa aina hii ukikwaruzwa huvunjikia palepale siku ya samaki mkubwa. Kisha nikautafuta mgongo. Kila ufito una mgongo wake: ukisimamisha ncha sakafuni, ukaubonyeza katikati na kuuviringisha kwa kiganja, unaruka wenyewe na kutulia upande mmoja. Hapo nikatia alama ya chaki.

Gurudumu la zamani linatoa mshipi kwa kuzunguka-zunguka, kwa hiyo pete zake ni chache na ile ya kwanza ni kubwa, ili iutulize. Hili la Mustapha linatoa mshipi ulionyooka, halihitaji pete kubwa. Lakini sasa pete zinakaa juu. Ufito ukipinda, mshipi unakatisha kati ya pete na pete na kulala juu ya ufito. Dawa yake ni pete ndogo, nyingi, zinazozidi kukaribiana kuelekea nchani. Nilizikunja kutoka spoki za baiskeli, nikasaga miguu yake kwa tupa, nikazing'arisha kwa majivu na kitambaa mpaka uzi wako wa hariri ukapita bila kunasa. Nilizishikiza kwanza kwa vipande vya mpira, nikapitisha mshipi, nikafunga jiwe. Kemilembe akavuta, mimi nikatazama mshipi unagusa wapi. Ulipogusa nilisogeza pete. Ilituchukua jioni nzima. Muda mrefu tulikuwa hatujafanya kitu pamoja bila kununiana. Baada ya hapo ndipo nikazifunga kwa uzi na kupaka vanishi, nikangoja ikauke, nikapaka tena.

Kiti cha gurudumu ni kilekile, nimepunguza tu mguu wa gurudumu kidogo kwa tupa ili uingie. Ila mtu anayeshika kwa mkono mmoja ufito utamgeukia. Nimechonga kijino cha mti wa mbuni na kukifunga upande wa chini, akikumbatie kwa kidole cha shahada. Pia nimeshona kikombe cha ngozi kwenye mkanda. Akishatupa, atie kitako cha ufito humo kiunoni, mkono wa kulia uwe huru kuzungusha.

Asitupe kwa nguvu. Kidole gumba kisiache kuigusa bobini. Kikiacha, bobini itakimbia kuliko mshipi na yote itajisokota. Chubwi, kile kizito cha nchani mwa mshipi, ikigusa maji, abane.

Mwambie ni maneno ya fundi wa Muleba.

Ildefons


Nyanga, Bukoba
15 Julai 1973

Ildefons mwana waitu,

Tunakushukuru, na Mustapha anakushukuru zaidi, maana sasa hatazama tena. Kahawa tunaanika. Shangazi anaumwa jino.

Tulikwenda ziwani Jumamosi. Baba alitupa kwa nguvu zake zote, kama vile hukuandika kitu. Bobini ikapiga kelele, mshipi ukafumuka kama manyoya ya kuku anayenyonyolewa. Nilikaa juu ya jiwe nikaufumua kwa sindano. Akatupa tena, ikawa vilevile. Mustapha akamwambia, "Mzee Kagaruki, hili si jembe." Baba akamkasirikia. Kisha akatupa polepole, kwa kiganja tu, na chubwi ikaenda mbali kuliko nilivyotazamia, ikazama bila kishindo. Akatia kitako kwenye mkanda, akazungusha mwenyewe. Mwana waitu, laiti ungeuona uso wake.

Alipata kambare wa kutosha sufuria. Alipokuwa akimvuta, ufito ulipinda sana, naye akainama kutazama. "Mshipi unagusa hapa," akasema. "Karibu na ncha panatakiwa pete moja zaidi." Halafu akapitisha kidole juu ya nyuzi ulizofunga, moja baada ya nyingine. "Ildefons anakaza mno. Siku zote anakaza mno."

Nikamwambia fundi ni wa Muleba.

"Na Buganguzi iko wapi kama si Muleba? Ulaya?"

Nyumbani alitaka nimsomee barua zako. Nilizisoma zote, hata ile ya mlangoni. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akasema, "Nimesikia habari za maharage, nimesikia za trekta. Mtoto yuko wapi?" Nikasema pengine umesahau kumtaja. "Mtu hasahau kumtaja mtoto aliyempa jina la baba yake," akasema. "Mwulize." Nikachukua kalamu. Akasema, "Hapana. Usimwulize."

Mimi nakuuliza.

Kipande cha juu cha ufito kinarudi kwako na Asha, kwa ajili ya pete hiyo.

Jovita


Kijiji cha Ujamaa, Buganguzi
30 Septemba 1973

Dada Jovita,

Nisamehe kwa kimya. Pete niliongeza zamani, kipande kimetundikwa ukutani kimekauka. Barua ndiyo iliyokuwa haikauki. Nimeiandika na kuichana.

Protase alifariki mwezi wa Januari. Ilikuwa surua. Tulimpakia kwenye baiskeli kumpeleka zahanati, Kemilembe nyuma amempakata. Tulikuta mto umefunika daraja, tukakaa ukingoni kungoja maji yapungue. Alifia pale, ndani ya kanga ya mama yake. Telegramu yako ya Baba ilinifikia siku tuliyomzika. Katibu wa kijiji alinikabidhi nikiwa bado na udongo mikononi. Nikaisoma, nikaitia mfukoni, nikaendelea kufukia.

Utauliza kwa nini hatukumleta Nyanga. Kwetu mtoto huzikwa kwenye kibanja cha babu yake, chini ya migomba, watu wake wampitie kila siku. Kemilembe alinipigia magoti nimpeleke. Mwenyekiti mwenyewe alisema ataomba lori. Nilikataa mimi. Baba alisema pale mlangoni, "Usikanyage tena kibanja changu, wewe wala uzao wako." Mambo mengi sikumtii Baba. Hilo nilimtii.

Kwa hiyo amelala rweya, kwenye nyasi, hakuna hata mgomba mmoja wa kumfunika na jua. Kemilembe hajanisamehe. Anasema maneno ya hasira ya mzee si amri ya Mungu, na kwamba mimi nilimlipiza Baba kisasi kwa mwili wa mtoto wake. Pengine anasema kweli.

Na sasa trekta imefika. Wanapima shamba jipya la pamoja, na kaburi liko ndani ya vigingi walivyochomeka. Ni udongo na mawe machache tu, mtu akipita na jembe la trekta hataona.

Usimsomee Baba barua hii. Ni mgonjwa. Mwambie mtoto ana kikohozi.

Ildefons


Nyanga, Bukoba
14 Oktoba 1973

Ildefons,

Nimemsomea. Alikuwa amesimama mbele yangu nilipoifungua bahasha, akauona uso wangu, na mimi si mtu wa kuficha uso.

Kwanza nikuambie langu. Nilishona shati la mtoto aliye ardhini, nikaliacha kubwa kidogo, na wewe ukaniandikia asante. Nitakusamehe, lakini si leo.

Baba alinifanya nirudie yale maneno ya mlangoni. Akauliza, "Nilisema hivyo?"

"Ulisema."

"Na uzao?"

"Na uzao, Baba."

Akatoka. Tulidhani amekwenda kulia, tukamwacha. Baadaye Shangazi Ephrasia akapiga kelele kutoka nyuma ya nyumba. Tulimkuta amepiga magoti kwenye udongo, panga mkononi, anang'oa machipukizi ya migomba. Kila moja alilibana kwa magoti na kulikata kwa mkono wake mmoja. Nilitaka kumsaidia akaniambia, "Toka hapa." Amejaza magunia.

Anakuja kwa basi la Jumatano, na Mustapha anamsindikiza. Nilimwambia safari itamuua. Akasema, "Basi nitakuwa nimefika."

Mpokee. Kama huwezi kwa ajili yake, mpokee kwa ajili yangu niliyebaki naye.

Jovita


Kijiji cha Ujamaa, Buganguzi
11 Novemba 1973

Dada Jovita,

Tuko salama. Umeshasikia kwa Mustapha, lakini Mustapha hakuelewa maneno yote, maana Baba alisema Kihaya kitupu.

Nilikuwa nimeandaa mengi ya kumwambia. Basi liliposimama akashushwa, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, mkono unaning'inia, maneno yangu yote yakaondoka. Nilimwamkia. Aliitikia. Kisha akauliza, "Wapi?"

Tulitembea taratibu. Kemilembe alikuwa amesimama tayari kaburini. Hakupiga goti wala hakumwamkia mkwe wake. Niliogopa, lakini Baba alimpita akavua kofia, akasimama mbele ya yale mawe. Akasema, "Wajina, mimi ni babu yako. Nimechelewa."

Ndipo akamgeukia Kemilembe. "Mwanangu, neno lile nililisema mimi. Mumeo alilibeba tu."

Kemilembe akamwambia, "Waitu, lilikuwa zito."

"Najua," Baba akasema. "Ningeweza kutuma mtu aje kulichukua. Sikutuma."

Hapo Kemilembe alilia, kwa sauti, jinsi ambavyo hakulia siku ya mazishi.

Mimi nilichimba mashimo, Kemilembe akashika machipukizi, Baba akashindilia udongo kwa kisigino, akijishikiza begani kwangu. Tulikuwa hatujamaliza Mwenyekiti akaja na watu wake. Si mtu mbaya. Akasema, "Mzee, hii ni ardhi ya kijiji. Hakuna kibanja cha mtu hapa."

"Na migomba iwe ya kijiji," Baba akamjibu. "Ikizaa, mle wote. Mimi naomba trekta ipite kando."

"Suala hili ni la mkutano."

"Itisha. Nitakuwepo."

Alikuwepo, amekaa mbele kabisa. Watu walibishana mno. Wako waliosema kwamba Ildefons anajitengenezea kibanja kwa mlango wa nyuma, wakiruhusu mmoja wataruhusu wote. Mama mmoja mzee akasimama akauliza ni nani kati yao ambaye hajazika mtu tangu tuhamie hapa. Vigingi vimesogezwa hadi ng'ambo ya migomba. Lakini wapo ambao tangu siku hiyo hawanisalimu vizuri, na mmoja ameacha kuniletea baiskeli yake.

Mimi na Baba hatujasema mengi. Aliniambia kwamba amelifuta neno lake na kwamba Nyanga pana nafasi. Nikamwambia nimesikia. Sikusema nitarudi, maana sijui, na yeye hakunishurutisha. Kile kipande cha ufito alikikagua kwenye mwanga wa mlango, akasema pete imekaa mahali pake ila bado nakaza mno, akampa Mustapha aondoke nacho. Nilimwuliza kama hatakihitaji. Akasema hakuja huku kuvua.

Kemilembe anamletea maji ya kunawa na kumwita Tata, kama baba yake mzazi. Kwangu bado maneno ni machache. Juzi aliniomba nimsaidie kubeba maji ya kumwagilia machipukizi, tukaenda pamoja na kurudi pamoja, tukimzungumzia mtoto. Alikuwa anapenda kumwita kuku kwa jina la mwenyekiti. Nilikuwa nimelisahau hilo.

Baba hajasema ataondoka lini. Mpe Asha koti zito la Baba, rweya ina upepo. Na ukiweza kufunga cherehani yako kwa siku chache, njoo nawe, Dada, uone mtoto alipolala.

Ndugu yako,
Ildefons